Tangazo la Sabuni

Kwa miaka ishirini na miwili yule mama alitunza stoo ya hospitali, na katika miaka yote hiyo hakuna shuka lililotoka mle ndani kabla hajalikagua pindo. Hakuzaliwa na roho ya wasiwasi. Alipoanza kazi alikuwa binti mchangamfu, wa kuamini kila salamu na kila tabasamu. Stoo ndiyo iliyomgeuza. Alimwona muuguzi mwenye sauti ya upole akitoka na bandeji zimejazwa kwenye chupa ya chai. Alimwona fundi bomba aliyeingia mwembamba akatoka mnene, kumbe kajizungushia mashuka matatu ndani ya ovaroli. Aliona dumu la dawa ya kusafishia sakafu likigeuka maji matupu na kila mtu akiapa kwa mama yake mzazi kwamba ndivyo lilivyoletwa.

Kwa hiyo alipostaafu na kununua baa kwenye kona ya mtaa, alihamia na tabia hiyo nzima nzima. Wateja wakamwita Bi Stoo, na jina likakaa. Chupa za pombe kali alizipiga mstari wa kalamu kila jioni kabla ya kufunga kabati. Viti vyake thelathini na viwili aliviandika namba chini ya kikalio, ili kimoja kikipotea ajue ni kipi. Ukimwambia habari za asubuhi, kwanza alikutazama kama anayejiuliza umekuja kutaka nini, kisha ndipo akajibu nzuri. Hata mdogo wake wa kiume, aliyesimama kaunta na aliyemlea mwenyewe baada ya wazazi wao kufariki, alikuwa hapiti mbele yake na mfuko uliotuna bila kuulizwa, "Umebeba nini?"

"Leso, dada."

"Leso gani nene hivyo?"

Baa ilikuwa safi, vinywaji baridi, vyoo vya kuingilika. Lakini Jumamosi ilikuwa tupu. Jumamosi watu wanataka mpira, na mpira ulikuwa baa ya jirani, mwendo wa dakika mbili. Bi Stoo aliulizia kifurushi cha biashara, kile kinachoruhusu kuonyesha mechi mahali pa kuuza vinywaji. Alipotajiwa bei aliomba arudiwe, akidhani amesikia vibaya. Alikuwa amesikia vizuri.

Ndipo akaja fundi wa madishi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kiunoni kajifunga mkanda wa koleo na bisibisi. Alipanda ngazi, akalitazama dishi la zamani lililoachwa juu ya bati na mwenye baa aliyetangulia, akashuka akijifuta mikono.

"Mama, dishi ni sikio tu," alisema. "Ukiligeuzia huku linasikia ya huku. Ukiligeuzia kule linasikia ya kule. Kuna nchi kule mbali wanaonyesha mechi zote, na kadi zao ni rahisi kuliko viatu. Nakufungia king'amuzi chao na kadi yao, Jumamosi unakosa pa kuweka watu."

"Ni halali?"

"Kadi imelipiwa, mama. Haijaibwa."

"Sikukuuliza kama imeibwa."

Fundi akaanza kukunja waya uliokuwa haujakunjuka. Bi Stoo alilijua jibu la namna ile, alikuwa amelisikia mlangoni mwa stoo maisha yake yote. Mtu anayejibu swali ambalo hukumuuliza ana jambo. Lakini alikuwa pia amekaa Jumamosi tatu akitazama viti vyake vikimtazama. Basi, pamoja na ujanja wake wote, hapo akafumba jicho moja. "Funga," alisema.

Picha ilikuja safi kama maji ya chupa. Shida ilikuwa sauti. Mtangazaji wa kule alisema lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuisikia, yenye sh na ch nyingi, ikienda mbio bila kuvuta pumzi.

"Bi Stoo," alipaza sauti dereva mmoja wa malori, "huyu anatangaza mpira au anakaanga samaki?"

Baa nzima ikacheka, na tangu siku hiyo lugha ile ikaitwa Kikaango. Lakini kucheka ni kucheka na kutoelewa ni kutoelewa. Watu hawakujua nani kaumia, nani anaingia, kwa nini refa kakataa bao. Wengine walianza kutazama saa. Bi Stoo aliwaona, na moyo ukaanza kumshuka.

Pembeni, karibu na dirisha, alikuwa amekaa dobi wa duka la ng'ambo ya barabara. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shati limenyooka kola hadi pindo, mbele yake soda moja ya tangawizi inayonywewa kwa saa mbili. Watu walimfahamu kwa kazi yake na si zaidi. Alikuwa ameishi nje miaka tisa, karudi na pasi moja nzito na koti ambalo hali ya hewa ya hapa haikuruhusu avae. Basi.

Kwenye runinga mchezaji mmoja alikuwa ameketi chini akishika mguu. "Huyo kwisha habari yake," alisema dereva. "Goti hilo."

"Si goti," alisema Dobi, taratibu, kama anayejisemea. "Anasema ni kiatu. Kimepasuka soli."

Watu wakageuka. Hata dakika haikuisha, mtu akakimbia uwanjani na jozi mpya ya viatu, mchezaji akabadilisha, akainuka, akaendelea na mpira. Kisha dereva akahamisha kiti chake hadi kwa Dobi na kumuuliza kwa heshima ambayo hajawahi kumpa mtu yeyote, "Mzee wangu, na sasa anasema nini?"

Hivyo ndivyo Dobi alivyopata kiti chake chini ya runinga. Sauti ya mtangazaji ilipunguzwa kidogo, ya Dobi ikapandishwa. Wiki ya pili viti vilijaa. Wiki ya tatu watu walikaa juu ya kreti. Dobi alitafsiri akiwa amenyoosha mgongo, mikono juu ya magoti, macho hayabanduki kwenye kioo. Mpira ukipigwa vizuri kutoka kati hadi pembeni, watu walimtania, "Dobi anazijua pasi zote mbili, ya nguo na ya mguu!" Naye alicheka bila kuacha kutafsiri.

Bi Stoo alimpa soda ya bure kila mechi. Na tangu alipoanza kumpa, alianza kumchunguza.

Kilichomsumbua ni hesabu ya maneno. Alisimama nyuma ya kaunta na kitambaa begani, akasikiliza. Mtangazaji anasema maneno kama kumi na tano. Dobi anatoa matatu: "Anasema wamechoka." Hayo kumi na mawili yamekwenda wapi? Kule hospitalini, boksi la vitu kumi na tano likifika na vitatu, mtu alifukuzwa kazi. Halafu mara nyingine mtangazaji ananyamaza kabisa, na Dobi anaendelea kusema.

"Dobi," alimwita siku moja katikati ya mechi, "mbona mwenzako kanyamaza na wewe unasema?"

"Haya aliyasema mapema, Bi Stoo. Nilikuwa sijamaliza."

Watu wakacheka, Bi Stoo hakucheka. Alikuwa na hakika mtu yule anatia chumvi, na huenda anapika chakula kizima. Akawaza: anayeweza kunidanganya juu ya mpira atanidanganya juu ya nini kingine?

Jumamosi iliyofuata aliweka simu yake chini ya kitambaa cha kufutia glasi, karibu na spika, akarekodi dakika ishirini, za mwisho wa kipindi cha kwanza na mwanzo wa mapumziko. Kisha akatafuta mtu wa kuisikiliza. Katika mji mzima alisikia habari za mmoja tu, daktari wa meno aliyesomea udaktari wake katika nchi ileile. Meno ya Bi Stoo hayakuwa na ugonjwa wowote. Hata hivyo alikata namba, akasubiri kwenye benchi na wenye mashavu yaliyovimba, akalala kwenye kile kiti kirefu na kusema anataka kusafishwa.

Daktari alikuwa na kioo chake kidogo mdomoni mwa Bi Stoo pale mama alipoinua simu na kuiwasha.

Mkono wa daktari ukasimama. "Hii umeitoa wapi?" alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Miaka kumi na minane sijaisikia lugha hii!"

"Anahafihi hawa?" aliuliza Bi Stoo.

"Nini?"

Akakitoa kioo mdomoni. "Anatafsiri sawa? Huyo mwanamume mwingine."

Daktari alivuta kigoda, akakaa, akasikiliza na glavu zake mikononi. Alitabasamu, akatikisa kichwa, mara moja akacheka kwa sauti hadi msaidizi wake akachungulia. "Mama, huyu bwana anatafsiri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mtangazaji anapayuka. Hapa anasimulia paa la nyumba yake linavyovuja, hapa anamsifia shemeji yake. Bwana wako anayaacha hayo yote, anachukua ya mpira tu. Na hii ya kipa kulelewa na bibi, kweli mtangazaji aliisema, ila mapema kidogo."

Basi maneno kumi na mawili yalikuwa ya paa na shemeji. Bi Stoo alijikuta anataka kutabasamu, jambo lililomshangaza. Alikuwa ananyoosha mkono achukue simu yake pale daktari aliposema, "Ngoja. Hapa sasa."

Akairudisha nyuma. Sauti ya mwanamke ilisikika, rasmi, ya kusoma karatasi.

"Huyu anasema matangazo haya ni ya wateja wa majumbani, ndani ya nchi yao tu. Kuyaonyesha mahali pa biashara, au nje ya mipaka, ni kuvunja mkataba na sheria. Anatoa na namba ya kupiga ukiona mtu anafanya hivyo." Daktari alikunja uso. "Na bwana wako anasema..."

Wakaisikia wote wawili, sauti tulivu ya Dobi, na nyuma yake mtu akiuliza hapo wanasema nini. "Hiyo ni sabuni," alijibu Dobi ndani ya simu. "Tangazo la sabuni."

Bi Stoo alirudi nyumbani na meno meupe na roho nyeusi. Usingizi ulimpaa. Alilaza swali upande huu, akaligeuza upande ule. Anajua kwamba jambo hili haliruhusiwi, na ananificha mimi mwenye baa. Kwa nini? Labda yeye ndiye anayepiga ile namba, na kule wanamlipa kwa kila baa. Labda amekula njama na baa ya jirani. Labda anangoja nifungiwe aje ainunue kwa bei ya kutupa, aweke mashine za kufulia. Kila labda ilizaa labda nyingine, na zote zilikuwa na sura ya Dobi.

Jambo moja hakulifanya: hakuzima. Alijiambia anamwacha kwanza ajifunge kamba mwenyewe. Jumamosi tatu zilipita hivyo. Kila mapumziko, sauti ya mwanamke yule ikianza, Bi Stoo alisogea na trei mkononi.

"Hapo wanasema nini, Dobi?"

"Sabuni."

"Sabuni ileile?"

"Ileile. Watu wa kule wanapenda sana usafi."

Alimtazama usoni asione hata unywele ukitikisika. Siku nyingine alimwona akiandika kwenye kidaftari. Dobi alipokwenda msalani, Bi Stoo alikifunua kwa ncha ya kidole: mashati manne, suruali mbili, gauni moja lenye doa la mafuta. Akakifunga, akasema moyoni, ameandika hivyo akijua nitasoma. Jumatano alimwona akishikana mikono dukani kwake na mwanamume mwenye mkoba wa ngozi. Alisimama dirishani hadi yule mtu alipotoka amening'iniza suti kwenye hanga. Hilo nalo halikumtuliza. Suti ni kisingizio kizuri.

Wakaguzi walikuja Jumamosi ya nne, kipindi cha pili ndiyo kwanza kinaanza. Walikuwa wawili, mwanamke mwenye faili la bluu na kijana wa kiume mwenye kamera. Waliagiza maji, wakalipa, wakaketi viti namba tisa na kumi kama watu wengine. Kisha mwanamke akainuka, akaenda hadi kaunta, akaonyesha kitambulisho cha kampuni yenye haki ya kuonyesha mechi hizo nchini.

"Mama, tunaomba utuzimie hiyo."

Mdogo wake alizima. Watu walipiga kelele kama wamemwagiwa maji ya moto, kisha walipoona faili la bluu wakanywea. Kijana alipiga picha king'amuzi, akachomoa kadi, akaviweka vyote kwenye mfuko wa plastiki na kumwandikia Bi Stoo hati ya kupokea. Barua ya wito ingefuata, walisema. Hawakuwa wakali, hata maji yao waliyamaliza.

Wasiwasi wote wa wiki tatu ulimpanda Bi Stoo kichwani. Alitoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele ya kiti kilichokuwa chini ya runinga.

"Umewaita wewe."

Dobi alimtazama bila kuelewa. "Mimi?"

"Sabuni, eeh? Jamani, mnajua ile sabuni yake ni nini? Ile sauti ya mapumziko inasema hairuhusiwi kuonyesha mechi kwenye baa! Huyu anaijua tangu siku ya kwanza. Kanikalia kimya, kanywa soda zangu, kisha kaenda kuniuza."

Watu wote walimtazama Dobi wakingoja akane. Hakukana. Aliinuka, akajinyoosha shati mbele na nyuma, akatoka. Soda yake ilibaki nusu. Dereva wa malori alitema maneno ambayo hayafai kuandikwa, na haikueleweka vizuri alikuwa anamwambia nani.

Barua ilifika Alhamisi. Ilimtaka Bi Stoo afike ofisini wiki iliyofuata ajieleze, na pamoja nayo ilikuwepo picha moja ya ushahidi, iliyochapwa ukubwa wa daftari. Ilionyesha runinga yake ikiwa na alama ya stesheni ya kule, vichwa vya wateja, balbu iliyowaka, na ubao ulioandikwa kwa chaki: MECHI ZOTE, MOJA KWA MOJA, KARIBUNI.

Sasa nimekupata, alisema Bi Stoo.

Alifunga mlango wa baa saa nne asubuhi, akachukua picha ile na kuanza na kiti chini ya runinga. Alikaa, akaiinua picha mbele ya jicho moja na kufumba jingine. Hapana, mtu aliyekaa hapo asingeweza kuuona ubao. Akaenda kiti cha dirishani ambako Dobi alikuwa akikaa zamani. Balbu ilikuwa kulia, kwenye picha iko kushoto. Akakaa kiti cha tatu, cha nne, cha tano, akiamka na kuketi hadi magoti yakaanza kulia. Viti vyote thelathini na viwili vilikataa. Mwisho alisimama katikati ya ukumbi, akarudi kinyumenyume picha ikiwa mbele ya uso wake, hadi mgongo ukagonga friji. Balbu ikaja kushoto. Ubao ukakaa mahali pake. Alikuwa nyuma ya kaunta yake mwenyewe, mahali wanaposimama watu wawili tu duniani.

Mdogo wake alikuwa anapanga kreti uani. Bi Stoo alimwita kwa sauti ndogo, na sauti yake ilipokuwa ndogo ndipo ilipotisha.

"Mwanangu," alisema, maana alimlea, "nimekukosea nini?"

Mdogo wake aliichukua picha, akaitazama, akamtazama dada yake. "Dada, hii si ile uliyoniambia nipige? Wiki ya pili, tulipojaa. Ukasema niiweke kwenye kundi la mtaa kwenye simu, watu wajue. Ukanirudisha mara mbili, eti ubao hausomeki."

Bi Stoo alikaa juu ya kreti.

"Kundi lenyewe lina watu mia tatu," aliendelea mdogo wake, kwa upole. "Nao wakawatumia wengine. Ilifika hadi kwa wifi yako kule kazini kwake. Mimi nilijua unajua."

Alitaka sana kumpata mtu mwingine. Alipitisha akilini watu mia tatu wa kundi la mtaa mmoja mmoja, na kwa kila mmoja aliona kwamba alichokifanya ni kukaribishwa tu, na aliyekaribisha ni yeye.

Mchana aliivuka barabara. Duka la Dobi lilikuwa chumba kimoja chenye joto na harufu ya nguo zilizonyooshwa, waya umetandwa ukuta hadi ukuta. Dobi alikuwa anapiga pasi mkono wa shati. Alimwona, akaitika salamu, hakuacha kazi.

"Si wewe uliyewaita," alisema Bi Stoo.

"Si mimi."

"Nilisema mbele ya watu. Nitasema tena mbele ya watu. Lakini ulijua."

"Tangu mapumziko ya kwanza kabisa."

"Na ukaniambia sabuni."

"Ningekwambia kweli ungezima."

"Ningezima, ndiyo!" alisema Bi Stoo, kisha akasita, maana aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Dobi aliligeuza shati. "Miaka tisa kule nilikaa chini ya hoteli, Bi Stoo. Chini kabisa, ghorofa ya mashine. Lugha yao nimejifunza kwa redio iliyokuwa juu ya kikaushio, na walikuwa wanatangaza mpira tu. Niliporudi, ndugu zangu waliniuliza nimeleta nini. Nilichokileta hakikujaa hata sebuleni. Hakuna aliyeniuliza nimejua nini, hata mmoja, miaka sita. Halafu siku ile yule dereva akavuta kiti akaniuliza, anasema nini?" Aliisimamisha pasi. "Sikuwa na roho ya kuzima. Nilikukosea, na najua. Baa ni yako, hatari ni yako, na mimi ndiye niliyekuamulia."

Bi Stoo alishika pindo la shuka lililoning'inia kwenye waya, akalikagua.

"Na wewe," aliuliza Dobi, "uligundua lini?"

"Wiki tatu kabla."

"Kwa nani?"

"Kwa daktari wa meno. Nilikurekodi."

Dobi alimtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka taratibu, bega moja kwanza, halafu lote likamjia, ikabidi aichomoe pasi kwenye umeme. Alipotulia alijifuta macho kwa kola ya shati la mteja. "Wiki tatu," alisema. "Na hukuzima."

"Sikuzima."

Nje kulikuwa na mtu anauza vocha kwa kipaza sauti.

"Nitakuja na wewe ofisini," alisema Dobi. "Waambie hukuelewa lugha, mimi ndiye niliyekuwa natafsiri na nikakudanganya. Sitakana. Na ni kweli."

Walikwenda pamoja Jumanne, Dobi kavaa lile koti lake la ng'ambo ijapokuwa jasho lilimtiririka. Mwanamke wa faili la bluu aliwaweka kwenye viti viwili, akafungua fomu, akauliza jina, mahali, idadi ya viti. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Ulifahamu kwamba huruhusiwi kuonyesha matangazo hayo katika biashara yako?"

Bi Stoo alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Alimtazama Dobi, aliyekuwa amekwisha kufungua mdomo ili ajitwike mzigo, na kitu fulani kikamkera, kile kilekile kilichokuwa kikimkera kila alipomwona mtu mlangoni mwa stoo na tumbo lisilo lake.

"Nilifahamu," alisema. "Wiki tatu nzima nilifahamu. Na siku fundi anafunga, nilihisi."

Mkaguzi aliinua kichwa. Dobi alifunga mdomo.

"Mama," alisema mkaguzi, "nimekaa kwenye meza hii miaka minne. Wote wanaokuja hapa huwa hawakufahamu."

"Basi andika mmoja alifahamu."

Aliandika. Kukiri hakukumpunguzia chochote, faini ilikuwa ileile ya wote, na ili ailipe ilibidi friji moja kubwa iondoke. King'amuzi hakikurudi. Fundi wa madishi alibadilisha namba ya simu na hajaonekana mtaani tena.

Jumamosi iliyofuata, Bi Stoo alisimama mbele ya wateja kumi na wawili waliokuja kwa mazoea na kusema kwamba Dobi hakumwita mtu, kwamba picha aliisambaza yeye mwenyewe, na kwamba asiyeridhika na maelezo hayo aende baa ya jirani. Wawili walikwenda. Miezi mitano baadaye alipata kifurushi kidogo cha biashara, cha halali, cha ligi ambayo watu hawaipendi sana. Kinatangazwa kwa Kiswahili. Viti kama kumi na tano hivi hujaa, siku nzuri ishirini. Si haba.

Dobi huja na kukaa karibu na dirisha. Hana cha kutafsiri. Lakini siku za Alhamisi, saa za alasiri ambapo baa haina watu, daktari wa meno hufunga zahanati yake mapema, akaja kuketi meza ile ya dirishani, na wawili hao husema Kikaango kwa saa nzima, mikono ikiruka, vichwa vikikaribiana, mara wakiangua kicheko na kutazama upande wa kaunta.

Bi Stoo hufuta glasi iliyokwisha kukauka, sikio limesimama.

"Wanasema nini hao?" humuuliza mdogo wake.

"Mimi nitajuaje, dada? Kawaulize."

Siku moja alikwenda, na trei mkononi. Dobi alimjibu kwamba walikuwa wanakumbuka baridi ya kule. Bi Stoo alisema ahaa, akaokota glasi zao, akarudi kaunta. Hakuamini hata neno moja.